Umehamisha databesi ya Liferay kwenda seva mpya na saiti hazionekani? Anzia hapa kabla hujagusa kitu

Wakuu habari za kazi. Hii ni kwa yeyote anayesimamia potali ya Liferay (programu inayobeba saiti nyingi mahali pamoja) ambaye amehamisha databesi toka seva moja kwenda nyingine, import imeisha bila kelele, potali imewaka vizuri tu, halafu anafungua brauza anakuta saiti zake zote hazipo. Nimekutana na hili jambo mara kadhaa na kila mara watu wanapaniki wanaanza kufuta na kuinstoli upya, na hapo ndo data zinapotea kweli. Tulia kwanza. Mara nyingi saiti zako zipo palepale ulipoziweka, ila potali inasoma sehemu nyingine. Kazi yako ni kujua inasoma wapi.

Iliyonifundisha zaidi ni ya saccos moja ya Moshi. Potali yao ilikaa miaka kwenye mashine ya Windows, kwenye kachumba nyuma ya kaunta, MySQL humohumo, saiti 14, moja ya makao makuu na zilizobaki za matawi, Himo, Marangu, Mwika, Kibosho, Usa River na kuendelea. Wakaamua kuhamia seva ya Linux iliyopo Njiro, Arusha. Jumamosi nikazima potali ya zamani nikatoa dampu (faili lenye nakala ya databesi yote), na kwa kuwa intaneti ya kupandisha faili kubwa ilikuwa inasuasua nikaliweka kwenye hadi diski ya nje nikapanda gari mwenyewe hadi Arusha. Jumapili usiku nikaimport, nikawasha, ukurasa ukafunguka, nikaondoka. Nilichoangalia ni kama inawaka, sikuhesabu saiti. Jumatatu saa mbili kasoro asubuhi dada wa tawi la Himo kapiga: "Kaka samahani, saiti yetu mmeiweka wapi? Nafungua naona ukurasa wa Welcome tu, na wateja wameshaanza kuingia."

Meneja alikuwa ameshaanza kusema si mzitengeneze upya tu, mbona ni 14. Usikubali hilo, na ukiulizwa kwa nini jibu ni hili: kila saiti kwenye Liferay ina namba yake, inaitwa groupId, na kurasa, makala, mafaili, fomu, ruhusa za watu, vyote vimeshikizwa kwenye hiyo namba. Ukitengeneza saiti mpya ya Himo itapewa namba mpya, kwa hiyo unapata jina la Himo lisilo na kitu ndani, na vitu vya Himo halisi vinabaki havina mwenyewe. Na usije ukaingia kwenye databesi ukaanza kujaza mistari kwa mkono kwenye tebo ya Group_, kuna tebo kibao zinazotakiwa kujazwa pamoja nayo na huwezi kuzikumbuka zote.

Kwanza zima potali

Izime, hata kama simu zinaita. Potali ikiwa inawaka inaandika, watu wanajisajili, admini mwingine anatengeneza ukurasa wa majaribio, na baadae inakuwa shida kujua kipi cha zamani kipi kimeingia leo. Ikishazimika toa bakapu ya databesi ilivyo sasa hivi kwenye seva mpya, hata kama unaiona haina maana. Dampu la awali la seva ya zamani likopi sehemu mbili na usilifanyie kazi lenyewe, fanyia kazi kopi. Na seva ya zamani isiguswe na mtu, asije fundi mwingine akaifomati eti si tumeshahama.

Hakikisha dampu lilifika zima

Hii ni dakika moja tu ila watu wanairuka. Faili la mysqldump likiisha vizuri linamaliza na mstari unaosema Dump completed, kwa hiyo andika (lportal.sql ni jina la faili la dampu):

tail -n 2 lportal.sql

Usipouona huo mstari ujue dampu limekatika njiani, labda diski ilijaa au umeme ulikatika, na hapo hakuna ujanja zaidi ya kurudi seva ya zamani kutoa jingine. Ukitoa jingine potali iwe imezimwa, na weka --single-transaction na --default-character-set=utf8mb4 ili herufi zisiharibike. Linganisha na saizi ya faili pande zote mbili, kule lilikotoka na huku lilikofika. Import nayo ikikugomea katikati kwa sababu ya max_allowed_packet, ongeza hiyo thamani kwenye my.cnf ya seva mpya halafu anza upya kwenye databesi tupu, usiendelezee pale ilipoishia.

Hesabu saiti ndani ya databesi yenyewe

Hapa ndo unajua kama tatizo ni la data au la potali. Ingia MySQL ya seva mpya:

SELECT groupId, companyId, groupKey, friendlyURL, active_ FROM Group_ WHERE site = 1;

Kwa matoleo ya 6 hiyo groupKey haipo, tumia name. Utaona majina yako, /himo, /marangu, pamoja na machache ya potali yenyewe kama Guest. Kama zote zipo, pumua, data ipo, nenda hatua inayofuata. Kama unaona Guest na vingine viwili vitatu tu, bado usikate tamaa, na wala usiseme dampu ni bovu, maana sisi tulipata hivyohivyo na data ilikuwepo. Ruka kidogo usome sehemu ya herufi kubwa na ndogo.

Potali inasoma databesi ipi?

Unaweza ukawa na databesi safi kabisa na potali wala haiangalii huko. Liferay isipopata maelezo ya databesi inawaka na databesi yake ya ndani inaitwa Hypersonic, inayokaa kwenye folda data/hypersonic, na inawaka vizuri tu bila kulalamika kwenye skrini. Dalili kubwa: ukilogin akaunti zako za zamani hazikubali, na admini ni yule wa kawaida wa Liferay, test@liferay.com. Hiyo ni potali iliyozaliwa leo. Kwenye logi nako imeandikwa wazi, tafuta neno Hypersonic, ipo onyo inayosema usiitumie kwenye kazi halisi, na karibu yake kuna mstari wa dialect unaotaja aina ya databesi. Ukiona HSQL badala ya MySQL umeshapata jibu.

Sasa kwa nini haisomi maelezo yako? Sababu nilizokutana nazo mimi ni hizi. Faili la portal-ext.properties limewekwa folda ambayo siyo, linatakiwa kukaa Liferay Home, yaani ile folda yenye data, deploy, osgi na tomcat ndani yake, siyo ndani ya tomcat. Au faili lilitoka Windows likaja na jina portal-ext.properties.txt na mtu hakuona ile .txt kwa sababu Windows inaficha. Au limekopiwa na root, na yuza anayeendesha Tomcat (seva ambayo Liferay inakaa ndani yake) hana ruhusa ya kulisoma, hili ls -l inakuonyesha sekunde moja.

Ila inayosumbua watu wengi, na hii ishike vizuri, ni portal-setup-wizard.properties. Ulipowasha Liferay mara ya kwanza kwenye seva mpya kabla ya kuimport, kile kidirisha cha mwanzo ukikijaza kinaandika faili hilo hapohapo Liferay Home, na Liferay inalisoma BAADA ya portal-ext.properties, kwa hiyo lililoandikwa humo ndo linashinda. Unaweza ukabadilisha portal-ext mpaka asubuhi na hakuna kinachobadilika. Lifungue, angalia mistari ya jdbc.default (maelezo ya kuunganisha potali na databesi), na kama ipo humo ifute ibaki sehemu moja tu. Wanaotumia Docker waangalie na variables za mazingira zinazoanza na LIFERAY_JDBC, nazo zinafunika mafaili.

Ukishanyoosha soma tena mstari wa jdbc.default.url herufi kwa herufi, jina la hosti na jina la databesi. Nimeona seva ina lportal na lportal2, import iko kwenye moja na potali iko kwenye nyingine.

Herufi kubwa na ndogo, hapa ndo tulipokwama sisi

Jdbc yetu ilikuwa sawa, logi inasema MySQL, jina la databesi sawa, na bado kwiri inaleta Guest tu. Import nilikuwa nimeiona kwa macho inapita zaidi ya nusu saa, haiwezekani nusu saa iingie hewa. Kilichonishtua ni idadi ya tebo, nilipoandika SHOW TABLES nikaona orodha ndefu karibu mara mbili ya ninavyoijua. Nikauliza hivi:

SELECT table_name, create_time FROM information_schema.tables WHERE table_schema = 'lportal' AND LOWER(table_name) = 'group_';

Zikaja mbili. Ya kwanza group_ kwa herufi ndogo, imetengenezwa Jumapili saa mbili na dakika 14 usiku, muda wa import. Ya pili Group_ kwa G kubwa, saa tatu kasoro dakika tisa, dakika niliyowasha potali. Nikahesabu mistari ya ile ndogo, saiti zote 14 zilikuwemo. Mapacha, mmoja ana mali yote na mwingine ana Guest, na potali inamjua yule wa pili.

Sababu yake ni MySQL wala siyo Liferay. Kuna setingi inaitwa lower_case_table_names. Kwenye Windows kwa kawaida ni 1, maana yake majina ya tebo yanahifadhiwa kwa herufi ndogo na ukiita kwa kubwa au ndogo inakuelewa. Kwenye Linux kwa kawaida ni 0, group_ na Group_ ni tebo mbili tofauti kabisa. Dampu la Windows linatoka na group_, user_, layout, release_, zote ndogo. Liferay ikifika Linux inaita Release_, haipati, inaamini databesi ni tupu, inajitengenezea tebo zote upya pembeni. Hakuna kosa lolote linaloandikwa kwa sababu kwa upande wake kila kitu kimeenda sawa.

Angalia seva yako ikoje:

SHOW VARIABLES LIKE 'lower_case_table_names';

Njia ya kurekebisha ni mbili. Kama MySQL hiyo ni ya potali peke yake na haina databesi nyingine, iweke iwe 1 kama ilivyokuwa Windows. Lakini kwenye MySQL 8 hiyo setingi inawekwa wakati wa kuianzisha tu, ukiibadilisha baadae kwenye my.cnf seva inakataa kuwaka. Kwa hiyo unaizima, unahamisha /var/lib/mysql kwenda jina jingine (usiifute), unatengeneza folda mpya tupu inayomilikiwa na mysql, unaandika lower_case_table_names=1 chini ya [mysqld], unaendesha mysqld --initialize --user=mysql, paswedi ya muda ya root unaiokota kwenye logi ya makosa, halafu unatengeneza yuza na databesi na kuimport upya. MySQL 5.7 ilikuwa inakubali kubadilishwa na kurestatiwa, ila kama kuna tebo zenye herufi kubwa tayari zitaacha kuonekana, angalia hilo kwanza.

Sisi Njiro hatukuweza hiyo njia kwa sababu seva ilikuwa na databesi za mifumo mingine miwili, kwa hiyo tulibadilisha majina ya tebo. Usianze kuyabadilisha kwa mkono, ni mamia na ukikosea herufi moja ndani ya jina umerudi ulipotoka, mfano ni DLFileEntry, siyo DlFileEntry. Iache Liferay yenyewe ikupe majina sahihi. Tulifanya hivi:

Tulitengeneza databesi mbili mpya, kigezo na lportal_safi. Tukaielekeza potali kwenye kigezo, tukaiwasha ikiwa na moduli zetu zote, ikajenga tebo zake, tukaizima. Dampu la Windows tukaliimport kwenye lportal_safi, databesi ambayo potali ilikuwa haijawahi kuigusa. Halafu tukaandika kwiri hii kwenye faili majina.sql:

SELECT CONCAT('RENAME TABLE lportal_safi.', s.table_name, ' TO lportal_safi.', k.table_name, ';')
FROM information_schema.tables s
JOIN information_schema.tables k ON LOWER(s.table_name) = LOWER(k.table_name)
WHERE s.table_schema = 'lportal_safi' AND k.table_schema = 'kigezo'
AND BINARY s.table_name <> BINARY k.table_name;

Ikiendeshwa inakutolea amri za kubadilisha majina, moja kila mstari:

mysql -N -u root -p < majina.sql > badili.sql

Fungua badili.sql uisome kwanza kwa macho, kisha iendeshe. Zitakazobaki ndogo ni tebo ambazo hazimo kwenye kigezo, labda za moduli ya zamani ambayo hukuiweka seva mpya, hizo zipitie moja moja. Mwisho elekeza jdbc.default.url kwenye lportal_safi. Ile lportal yenye mapacha tuliiacha kama ilivyo, hatukufuta humo hata tebo moja.

Kama unahamia Postgres, au unatoka Linux kwenda Linux na lower_case_table_names ni ileile pande zote mbili, sehemu hii yote haikuhusu.

Saiti zipo kwenye tebo sahihi lakini bado hazionekani

Angalia kampuni. Liferay moja inaweza kubeba potali kadhaa ndani, na kila moja ni mstari kwenye tebo ya Company.

SELECT companyId, webId FROM Company;
SELECT companyId, COUNT(*) FROM Group_ WHERE site = 1 GROUP BY companyId;

Ukikuta kampuni mbili wakati ulikuwa na moja, na saiti zako zimeshikilia companyId ambayo siyo unayoingilia, angalia kama kuna mtu kaweka company.default.web.id tofauti na ya zamani. Ya kawaida ni liferay.com, na kama seva ya zamani ilikuwa imebadilishwa lazima ya mpya ifanane nayo, la sivyo Liferay inaweza kuichukua kampuni nyingine kuwa ndo kuu na kukufungulia hiyo. Chukua portal-ext.properties ya zamani uiweke pembeni ya mpya ulinganishe mstari kwa mstari.

Kisha majina ya domeni:

SELECT hostname, companyId, layoutSetId FROM VirtualHost;

Mstari wenye layoutSetId 0 ni wa potali nzima, wenye namba ni wa saiti iliyopewa domeni yake. Kama domeni imebadilika mlipohama, hapa bado kutakuwa na ya zamani. Badilisha kupitia potali yenyewe, kwenye mipangilio ya saiti, siyo kwa UPDATE.

Na kama mbele ya Tomcat kuna Nginx au Apache kama prokisi, yaani seva inayopokea wageni kwanza, hii isikupite. Prokisi isipopeleka jina la hosti, Liferay inaona kila mtu anakuja kama localhost na inampa saiti ya Guest, hata akiandika anwani ya Himo. Nginx weka proxy_set_header Host $host; (na hiyo nukta mkato iwepo). Na Apache weka ProxyPreserveHost On. Njia rahisi ya kujua ni kufungua kwa anwani ndefu, /web/himo mwishoni mwa domeni kuu. Ikifunguka, saiti ni nzima, shida ni domeni au prokisi.

Zilizobaki ni ndogondogo. Saiti yenye active_ sifuri imezimwa na mtu huko nyuma, iwashe kwenye Control Panel upande wa Sites. Saiti ya aina ya Private haitokei kwa yuza asiye mwanachama, kwa hiyo jaribu ukiwa admini wa potali, siyo na akaunti ya kawaida. Toleo la Liferay liwe lilelile la zamani, usihame seva na kupandisha toleo siku moja.

Zinaonekana lakini zina mapengo

Hapa watu wanarudi kupaniki tena. Picha na mafaili hayakai kwenye databesi, kwa kawaida yapo data/document_library, usipoikopi hiyo folda utaona majina ya mafaili na ukibonyeza hakuna kitu. Ikopi yote na umpe umiliki yuza wa Tomcat.

Orodha ya watumiaji na makala ikiwa tupu wakati databesi inao, hiyo ni indeksi ya Elasticsearch, haihami na dampu. Ingia Control Panel, Search, Index Actions, endesha reindex ya vyote na usubiri ifike mwisho. Kabla ya kuwasha, potali ikiwa imezimwa, futa folda osgi/state pamoja na work na temp za tomcat, zinajitengeneza upya zenyewe.

Sisi tuliwasha Jumatatu saa kumi jioni. Safari hii nilikaa na orodha ya saiti 14 kwenye karatasi nikafungua moja moja, nikafungua na faili moja ndani ya kila saiti, halafu nikapiga simu kila tawi mtu aingie na akaunti yake mwenyewe nikiwa hewani. Kibosho peke yao ndo walikwama, mstari wao wa VirtualHost ulikuwa bado na domeni ya zamani. Seva ya kachumbani iliachwa mwezi mzima imezimwa na karatasi ya "USIGUSE" juu yake, na ule mwezi ulipoisha ndo tukafuta kigezo na ile lportal ya mapacha.